Simu ya Mpemba, jina la jirani

Kwa miaka mingi Mpemba wa Mayungu au wa Kichwa cha Kati, katika kaunti ya Kilifi nchini Kenya, aliweza kununua simu kama mtu yeyote. Mwenye duka hakumwuliza kabila wala alikozaliwa babu yake. Shida ilianzia kwenye laini. Laini ilitaka kipande, yaani kitambulisho, na kipande hakuwa nacho: Kenya haikumhesabu kuwa raia wake, na Tanzania, yenye kisiwa cha Pemba alikotoka babu, haikuwa na habari naye. Basi akamwendea jirani mwenye kitambulisho, Mdigo au Mgiriama anayevua naye, akamwomba amsajilie laini kwa jina lake. Jirani akakubali. Watu wa pwani hawanyimani vitu hivyo.

Tangu hapo simu ikawa ya Mpemba na jina likawa la jirani. Mchuuzi anayetaka kumlipa bei ya tasi na changu anaandika namba, na skrini inamtajia mtu asiyemjua. Inabidi apigiwe aambiwe atume tu, ni hapo hapo. Laini ikizama baharini haiwezi kurudishwa mpaka mwenye jina aende dukani kwa miguu yake, na kitambulisho chake mkononi. Jirani akihamia Nairobi, akifariki, au wakikosana kwa ugomvi wa watoto, akiba iliyomo kwenye simu inabaki kwa mtu ambaye mbele ya sheria ndiye mwenyewe. Hakuna chifu wa kumshitakia, maana aliyeibiwa hayupo kwenye daftari lolote.

Wanaozungumzia teknolojia vijijini hupenda kuhesabu minara na laini. Kila baada ya miezi michache hutolewa takwimu mpya, na mara nyingi laini huwa zimeongezeka. Kwa Wapemba, wa ng'ambo na wa kisiwani, hesabu ingeanza pengine: laini iko kwa jina la nani, na kumbukumbu zinazojengeka humo zinamfaidi nani.

Kwanza ieleweke Wapemba hao walifikaje Kilifi na Kwale. Mvuvi wa Pemba, na zaidi Mkojani, hakai pahala pamoja. Kojani ni kisiwa kidogo upande wa mashariki wa Pemba, nyumba zimebanana, mashamba hakuna, na wanaume wake wamezoea kwenda dago. Hupakia nyavu, sufuria na unga, wakapiga kambi miezi kadhaa penye samaki: Tanga, Mafia, Mtwara, na kaskazini Shimoni, Vanga, mpaka Malindi. Kwa wengine dago liligeuka kuwa maskani. Wapo waliohamia Kenya tangu miaka ya 1930, wakati mpaka ulikuwa mstari kwenye ramani za Waingereza tu, na wapo waliokimbilia huko baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964. Wakaoa, wakazaa, wakazika. Kenya ilipopata uhuru Desemba 1963, waliotangulia walikuwa tayari wana familia upande ule.

Lakini wakabaki wageni. Mvuvi asiye na kitambulisho hapati leseni ya uvuvi, na asiye na leseni akikutana na doria ni faini au rumande. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa huhangaika kusajiliwa kwa mtihani wa taifa. Hayo yalikuwapo kabla ya simu, na watu walijifunza kuishi nayo kwa kuingia baharini usiku na kutoka alfajiri.

Kisha teknolojia ikaja, na ikaja kwa kasi. M-Pesa ilizinduliwa Kenya Machi 2007. Usajili wa lazima wa laini ulianza mwaka 2010. Mwishoni mwa 2012 ikaja M-Shwari, mkopo unaotolewa kwa kuangalia mtu anavyotumia simu na fedha zake. Mwaka 2022 mamlaka ya mawasiliano ya Kenya ikawataka wenye laini wahakiki upya usajili wao, mwisho ukiwa 15 Oktoba. Na tarehe 30 Novemba mwaka huohuo serikali ikazindua Hustler Fund, mkopo wa kuanzia shilingi 500 hadi 50,000 za Kenya, unaombwa kwa simu, hauhitaji hati ya kiwanja wala mdhamini. Unahitaji kitambulisho, na laini iliyosajiliwa kwa jina la mwombaji.

Kila ngazi ya ukoo huo wa huduma ilikuwa neema kwa aliyekuwa na kipande. Kwa asiyekuwa nacho kila ngazi ilikuwa ukuta mwingine. Kabla ya M-Pesa, Mpemba na Mgiriama walilipwa samaki kwa noti ile ile, na noti haina jina. Fedha zilipohamia kwenye simu, mmoja alipata akiba, bima na mkopo. Mwenzake akapata kazi ya kuomba.

Ni vyema kukumbuka simu inavyoweza kumfaa mvuvi pale inapokuwa yake kweli. Mchumi Robert Jensen alichunguza pwani ya Kerala, India, ambako minara ilianza kusimikwa mwaka 1997. Kabla yake mvuvi aliingia bandari yoyote na dagaa wake, akikuta soko limejaa anawamwaga baharini, huku bandari ya pili wanunuzi wakiondoka mikono mitupu. Baada ya simu kufika, wavuvi walipiga wakiwa bado majini, wakajua pa kwenda. Samaki wa kutupwa wakatoweka na bei zikalingana. Uchunguzi huo ulichapishwa 2007, mwaka wa M-Pesa. Mvuvi wa Kerala lakini hakuulizwa ubini wake na mashine kila alipotaka kulipwa.

Wapemba wa Kenya walipata mwanya baada ya wengine kuupasua. Sheria ya uraia ya 2011 ilifungua njia kwa watu wasio na utaifa waliokuwamo nchini tangu 12 Desemba 1963. Wamakonde, nao bila uraia, hawakungoja njia ijifungue. Oktoba 2016 walitembea kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi kudai haki, wakatambuliwa. Washona wakafuata. Hatimaye, tarehe 30 Januari 2023, Rais William Ruto alitangaza Wapemba kuwa miongoni mwa makabila ya Kenya, na mwezi Julai mwaka ule ikafanyika sherehe Kilifi ya kuwapa stakabadhi za uraia. Wazee waliozaliwa chini ya mkoloni walipata kitambulisho cha kwanza maishani mwao.

Magazeti yalipiga picha na mambo yakaonekana yamekwisha. Hapo ndipo penye hoja ambayo haikusemwa vya kutosha. Mvuvi yule sasa ana kipande, anasajili laini kwa jina lake, anaomba mkopo. Mtambo unamtazama na kumwona mtu aliyezaliwa jana. Miaka kumi na zaidi ya kulipwa kwa wakati, kutuma ada za watoto, kununua injini kwa vipande vipande, kutokopa asichoweza kulipa: yote hayo yamo kwenye mitambo, tena yamehifadhiwa vizuri, lakini yamo kwa jina la jirani. Jirani ndiye anayeaminiwa sasa kwa uaminifu ambao si wake. Mwenye uaminifu huo anaanzia shilingi mia tano.

Karatasi ya zamani ilimsahau mtu kabisa. Mashine haisahau, ila ikikosea mwenyewe ni nani, kosa hilo hukua kila siku pamoja na salio.

Ingekuwa rahisi kusema hayo ni ya Kenya, yaishie Kenya. Kisiwani Pemba kwenyewe, ambako sensa ya 2022 ilihesabu watu 543,441, mambo yana sura nyingine lakini damu ni moja. Teknolojia haikuchelewa sana. Zantel ilianza huduma Zanzibar 1999. Mwaka 2010 waya wa umeme uliotandazwa chini ya bahari kutoka Tanga, kwa msaada wa Norway, ulitua Ras Mkumbuu, na kisiwa kikaachana na jenereta za Wesha zilizokuwa zikiunguruma na kuzimika zitakavyo. Leo Chake Chake, Wete na Mkoani kijana ana simu ya kupangusa kama alivyo mwenzake wa Kariakoo.

Mlango wa kuingilia huko mtandaoni, hata hivyo, haupo kwenye duka la simu. Upo kwa sheha, kiongozi wa serikali mtaani. Kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, maarufu ZanID, kilichoanzishwa kwa sheria ya 2005, hakipatikani bila sheha kuthibitisha kuwa mwombaji ni mkaazi wa shehia yake. Sheha huteuliwa, hachaguliwi, na Pemba ni kisiwa ambacho siasa huingia hadi kwenye kikombe cha kahawa. Mwaka 2009 uandikishaji wa wapiga kura ulikwama Pemba kwa sababu wakaazi wengi walilalamika wamenyimwa kitambulisho, na bila hicho jina haliingii daftarini. Upinzani ulisema ni njama, serikali ilikanusha. Wakati ule lililogombewa ni kura. Siku hizi uthibitisho ule ule wa sheha unashika pia benki, ajira, cheti cha mtoto na safari, na kila huduma inayohamishiwa mtandaoni inauongezea uzito mhuri wake.

Juu ya ZanID kuna namba ya NIDA, ya Jamhuri ya Muungano. Mzanzibari hubeba vyote viwili. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulipofikia kikomo, 20 Januari 2020, laini zisizohakikiwa zilianza kuzimwa nchi nzima, na foleni za NIDA zikawa habari ya kila siku.

Anayetaka kuona teknolojia ikimkataa mwenyeji akae karibu na meza ya wakala wa usajili mahali penye wavuvi na wakulima wa mwani. Mama anaweka dole gumba kwenye kijisahani cha kioo. Mashine inawaza, inakataa. Anafuta kidole kwa kanga, anaweka tena, inakataa. Anajaribiwa cha shahada, kisha cha kushoto. Vidole vilivyoshinda miaka kwenye maji ya chumvi, kamba na mawe husomeka kwa taabu, kama vya fundi mwashi na mpasua kokoto popote duniani. Kazi imekwangua mistari. Zao la mwani la Zanzibar kwa sehemu kubwa hutoka Pemba, na wakulima wake wengi ni wanawake. Yaani wale wale wanaochangia fedha za kigeni za nchi ndio ambao kidole chao hakiwatambulishi. Mtu wa ofisini, ambaye kazi yake ni kalamu na kipanya, anapita mara moja.

Ajabu nyingine iko angani. Kuanzia 2016 Kamisheni ya Ardhi Zanzibar, pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na Benki ya Dunia, ilirusha droni ndogo kuchora Unguja na Pemba. Vijana wa hapahapa walifunzwa kuzirusha, na ilikuwa kazi ya kujivunia: ramani zilizotangulia zilikuwa zimechakaa, na picha hizo mpya zikawekwa wazi kwa yeyote kuzitumia. Kila paa likaonekana, la bati na la makuti, na minazi iliyoinama juu yake. Lakini kamera inaona paa, haioni mwenye paa. Upo uwezekano leo wa nyumba ya mtu kuwa kwenye kompyuta za Washington huku yeye mwenyewe akiwa bado anazungushwa njoo kesho kwenye shehia yake.

Kwingine wenyeji wamefika mbali katika mjadala huu. Kituo cha redio cha Te Hiku, cha Wamaori wa kaskazini mwa New Zealand, mwaka 2018 kiliwaomba watu wao wasome maneno ya Kimaori, na ndani ya siku 10 kikakusanya zaidi ya saa 300 za sauti. Kwa hazina hiyo wakaifunza kompyuta kuisikia lugha yao. Kampuni za nje zilipotaka hazina ile, walikataa kuiuza. Swali lao ni nani amiliki taarifa za jamii. Ni swali zuri, na Kipemba, chenye lafudhi na msamiati ambao simu za leo hazijauzoea, kitalihitaji. Ila anayepigania kumiliki taarifa zake sharti kwanza ziwe zimeandikwa kwake. Wapemba wengi bado wako nyuma ya mstari huo, na si kwa uvivu wao.

Maana penye nafasi, hawahitaji semina. Ukoo mmoja wa Pemba una watu Micheweni, Mombasa, Muscat na London, na wote hukutana kwenye kundi moja la WhatsApp. Humo hupita picha za karafuu zilizoanikwa majamvini, michango ya harusi, tangazo la msiba kabla ya maiti kuoshwa, na ubishi wa mpira usiokwisha. Wazee waliosoma chuo cha Kurani, wanaoijua hati ya Kiarabu kuliko ya Kizungu, hawaandiki. Wanabonyeza kipaza sauti na kuzungumza Kipemba chao kizima, dakika tatu, salamu kwanza. Aliyebuni sauti za WhatsApp hakuwafikiria hao, lakini hakuna waliozifaidi zaidi.

Na daraja hilo pia lina bawabu. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa Tanzania na haikurudi kwa siku kadhaa. Aliyekuwa Muscat akitaka kujua hali ya mama yake Wete alibaki kutazama alama moja ya tiki. Mwenye laini iliyosajiliwa kwa vidole kumi na asiye nayo walikuwa sawa siku hizo.

Watetezi wa usajili wana la kusema, na wasikilizwe. Kila Mtanzania amewahi kupokea ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii", na kuna walioituma. Laini isiyo na mwenyewe ni silaha ya tapeli. Kitambulisho kinalinda akiba ya mjane kuliko neno la mtu. Hakuna Mpemba anayedai kuishi bila jina; madai yao Kenya yalikuwa kinyume chake kabisa, na waliyadai miaka mingi. Tatizo ni kwamba serikali huweka tarehe ya mwisho kabla ya kuweka njia ya kufika. Tapeli, kwa bahati mbaya, ana laini tano zilizosajiliwa sawasawa, na ujumbe wake unaendelea kuingia.

Yapo yanayowezekana bila mkutano wa kimataifa. Usajili wa vitambulisho ufuate msimu: zoezi likifanyika Kojani wanaume wakiwa dago, wanaokosekana hawakususa, wamekwenda kazini. Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar unaweza kupeleka mashine dikoni na kwenye kambi zenyewe, kama wachuuzi wanavyopeleka mizani na barafu. Sheha anayekataa kuthibitisha mkaazi aandike sababu kwa maandishi ndani ya siku zinazojulikana, na pawe na pa kukata rufaa pasipokuwa kwa aliyemteua. Mama ambaye kidole kimegoma asirudishwe nyumbani. Picha ya uso na mashahidi wawili wa shehia vitoshe.

Kwa upande wa Kenya, Mahakama Kuu ilikwishaonyesha Januari 2020, katika kesi ya Huduma Namba iliyofunguliwa na Wanubi pamoja na watetezi wa haki za binadamu, kuwa mfumo wa vitambulisho vya kidijitali hauwezi kuendeshwa bila kanuni za kuwalinda wanaoweza kuachwa nje. Kwa Wapemba kanuni inayokosekana ni ya kuhamisha kumbukumbu. Kampuni ya simu tayari inajua kuhamisha laini kutoka jina hili kwenda jina lile wenyewe wawili wakisimama mbele ya meza. Ihamishe na historia ya malipo iliyomo, mwenye jina la zamani akiridhia kwa saini, na Benki Kuu ya Kenya iwaagize wakopeshaji waisome hivyo. Majirani wengi bado wapo Mayungu na Shimoni, wanavua pamoja na Wapemba hao, na wanakumbuka vizuri ni laini ipi waliyomsajilia nani. Baada ya miaka kumi hawatakuwapo wote.